Mbuzi Ndani ya Gunia

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wazee wetu hawakukijua, nacho sasa kimepanda mpaka juu ya milima ya Uluguru. Ni michezo ya televisheni, ile ambayo watoto huiita gemu. Ninyi wazee msigeuze ukurasa mkisema, "Hayo ni mambo ya watoto." Fedha inayonunua gemu haitoki mfukoni mwa mtoto. Inatoka katika karoti zako, baba, na katika maharage yako, mama. Kwa hiyo habari hii ni yenu.

Nitaanza na kisa kilichotokea katika kijiji kimoja huko juu Mgeta. Wenyewe nawajua, lakini majina sitayataja, maana si nia yangu kumwaibisha mtu.

Baba mmoja alimwahidi mwanawe wa darasa la saba, akamwambia, "Ukifaulu mtihani, nitakununulia gemu." Basi kijana akakaza. Asubuhi yuko shuleni, jioni yuko shambani. Mnaijua kazi ya karoti za Mgeta: kulima kwenye ngazi za mlima, kupalilia kwa vidole, kung'oa, kuosha mtoni katika maji ya baridi, kujaza magunia, kisha kuyafikisha barabarani yanakopita magari. Msimu mzima kijana yule alifanya kazi hiyo bega kwa bega na baba yake. Matokeo yakaja, amefaulu.

Desemba 2022 baba akashuka na lori la karoti mpaka mjini Morogoro. Alipokwisha kuuza, akapita katika duka moja la vitu vya umeme. Hapo akaona sanduku zuri. Lina picha za magari ya mashindano, askari wenye silaha na wachezaji wa mpira. Juu yake imeandikwa namba kubwa: michezo 9999. Muuzaji akamwambia, "Mzee wangu, hii ni sawasawa na zile za laki tano. Kwako wewe nafanya elfu sabini." Baba akaomba kuiona ikiwaka. Muuzaji akasema sanduku likishafunguliwa halitanunuliwa tena. Na huko nje gari la Nyandira lilikuwa linanguruma, kondakta anaita watu. Baba akalipa. Fedha ya magunia mawili ya karoti ikaondoka hivyo, kwa dakika tano.

Jioni ile nyumba ilijaa watoto wa majirani. Sanduku likafunguliwa, nyaya zikachomekwa, televisheni ikawaka. Lo! Hapakuwa na magari ya mashindano, wala askari, wala mpira kama ule wa kwenye picha. Palikuwa na vijitu vidogo vya rangi vinavyoruka juu ya matofali, na bata wanaopita angani. Bunduki ya plastiki ilikuwamo sandukuni ya kuwapigia bata hao, lakini kila mtoto aliyefyatua alikosa, hata aliyeweka mdomo wa bunduki juu ya kioo chenyewe.

Watoto wa majirani wakaenda zao. Yule kijana hakulalamika. Alichukua daftari, akaanza kuandika jina la kila mchezo na namba yake. Akafika namba 12. Namba 13 ilikuwa ni ule ule wa kwanza, ila umebadilishwa jina. Namba 14 ilikuwa ni wa pili, ila unaanzia katikati. Aliendelea kwa siku tatu mpaka namba 200, na michezo ilikuwa bado ni kumi na miwili. Akamwambia baba yake. Baba akawaka hasira: "Mimi nimekuletea zawadi, wewe unahesabu kasoro! Huna shukrani." Kijana akanyamaza, akaliweka daftari lake chini ya godoro.

Kisa hakijaisha, nitakirudia. Kwanza tufungue sanduku lile tuone kilichokuwamo.

Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mtambo wa michezo ulioitwa Family Computer. Ulipendwa mno; pamoja na ndugu yake aliyeuzwa Marekani na Ulaya, yaliuzwa mamilioni zaidi ya 60. Watu wengine wakauiga. Miaka ilivyokwenda, mambo yote yaliyokuwa ndani ya mtambo ule yakaweza kuingia katika kipande kidogo kilichofunikwa kwa tone jeusi la gundi, na kukitengeneza ni rahisi sana. Kisha Desemba 1994 kampuni ya Sony ikatoa PlayStation, inayotumia sahani za diski. Waigaji wakachukua kile kipande cha zamani, wakakivika koti la plastiki lenye umbo la PlayStation. Ukiinua kifuniko pale ambapo diski ingekaa, huoni pa kuweka diski. Unaona tundu la kuchomeka kaseti, au huoni kitu kabisa.

Je, michezo ile ni mibaya? Hasha. Miongoni mwake imo iliyopata sifa kubwa duniani. Ule wa fundi mwenye sharubu anayeruka juu ya matofali, Super Mario Bros., ulitoka mwaka 1985 na uliuzwa zaidi ya milioni 40. Kosa halimo katika mchezo. Limo katika maneno yaliyoandikwa juu ya sanduku. Mtu akikuuzia michezo kumi na miwili ya zamani kwa bei yake, amekuuzia haki. Akikuambia ni 9999 tena ni mipya, amekuuzia mbuzi ndani ya gunia. Ukifika nyumbani ukafungua, unakuta paka.

Na ile bunduki? Sikilizeni, maana hapa baba wengi wamedhani kwamba watoto wameiharibu. Bunduki ile haitoi kitu cho chote. Ndani yake mna jicho. Mtoto akifyatua, kioo cha televisheni hugeuka cheusi mara moja, na pale alipo bata hutokea alama nyeupe. Jicho la bunduki likiiona nuru ile kwa wakati wake, bata huanguka. Jambo hili lilipimwa kwa televisheni za zamani, zile nene zenye mgongo mkubwa, ambazo huchora picha mara moja bila kuchelewa. Televisheni nyembamba za siku hizi huchelewa kidogo kuonyesha picha, nazo huichora kwa njia nyingine, kwa hiyo jicho lile halioni kitu. Hata ukinunua bunduki mpya kumi, bata hatakufa. Mwuzaji anayeweka bunduki hiyo sandukuni leo anakuuzia kitu ambacho katika nyumba nyingi hakiwezi kufanya kazi.

Msidhani, ndugu zangu, kwamba ni sisi watu wa milimani tu tunaopatwa na haya kwa kuwa tuko mbali na mji. Hata waliozitengeneza gemu hizi yaliwapata, tena vibaya.

Juni 1982 huko Marekani ilitoka filamu ya Steven Spielberg iitwayo E.T., juu ya kiumbe wa nyota nyingine aliyeachwa peke yake duniani. Watu wakaipenda, wakubwa kwa wadogo. Kampuni ya Atari, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara ya gemu, ikalipa fedha nyingi ili itengeneze mchezo wenye jina hilo uwahi Krismasi. Fundi mmoja, Howard Scott Warshaw, akapewa kazi ambayo kwa kawaida huchukua miezi mingi. Yeye alipewa kama majuma matano tu. Akaimaliza. Wazazi wakanunua kwa ajili ya jina. Watoto walipoanza kucheza, wakakuta kwamba kiumbe yule huanguka shimoni, akitoka huanguka tena, na mwenye kucheza hajui amekosa nini. Atari ilikuwa imetengeneza kaseti zinazokadiriwa kuwa milioni 4 au zaidi, na sehemu kubwa ikabaki bila mnunuzi.

Mwisho wake ulikuwaje? Septemba 1983 malori yalibeba shehena ya kaseti za Atari, na hizo za E.T. zikiwamo, mpaka jalala la mji wa Alamogordo katika jimbo la New Mexico. Zikafukiwa, kisha zege likamwagwa juu yake. Mwaka huo Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Kwa miaka mingi watu walibisha kama habari hiyo ni kweli au ni hadithi tu. Tarehe 26 Aprili 2014 wakachimba, wakazikuta. Mchezo wa kuanguka shimoni wenyewe uliishia shimoni.

Chanzo chake kilikuwa nini? Kilikuwa ni haraka. Mwenye kutengeneza alikuwa na haraka ya kuwahi sikukuu, na mwenye kununua alitazama jina na picha. Basi, yule wa Marekani na yule baba wa Mgeta mwenye gari linalonguruma nje, tofauti yao iko wapi?

Wala hayo si ya zamani tu. Tarehe 10 Desemba 2020 kampuni moja ya Polandi, CD Projekt, ilitoa mchezo uliosubiriwa miaka mingi, Cyberpunk 2077. Katika mitambo ya PlayStation 4 ukawa unakwama na kuzimika ovyo. Hata juma la pili halijaisha, kampuni ikaomba radhi, na Sony ikauondoa katika duka lake ikawarudishia watu fedha zao. Baadaye ulitengenezwa ukafaa. Tena, tarehe 23 Agosti 2024 Sony yenyewe ilitoa mchezo uitwao Concord. Watu hawakuutaka. Tarehe 6 Septemba ukafungwa, na kila aliyeununua akarudishiwa fedha yake.

Hapo ndipo ninapotaka mtazame kwa makini. Matajiri wale walikosea kama sisi. Lakini mnunuzi wao alirudishiwa, kwa sababu ununuzi wake ulikuwa umeandikwa. Sisi tunanunua kwa neno la mdomo, tunakunja masalio ya fedha, tunaondoka. Ukirudi juma lijalo, muuzaji anakuuliza, "Mzee, ulinunua hapa?" Utajibu nini?

Kuna jambo jingine la siku hizi, nalo huwapata hasa vijana wanaoijua gemu vizuri. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, iliuzwa zaidi ya milioni 150, na zilizotumika bado zinapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Utaona diski yake ya mpira imeandikwa mwaka wa karibuni, na jalada lina picha ya mchezaji anayesifiwa sasa. Fahamuni hivi: Sony iliacha kutengeneza mtambo huo mwanzoni mwa 2013, na mchezo wa mwisho wa mpira wa Konami kwa mtambo huo ulikuwa ule wa jina la 2014, uliotoka mwishoni mwa 2013. Kwa hiyo diski ya PlayStation 2 yenye mwaka wa baadaye ni mchezo ule wa zamani, ila mtu amebadilisha majina na jezi. Kijana akiupenda, na aucheze. Lakini asilipie bei ya kitu kipya, maana hicho ni shati la zamani lililobadilishwa vifungo.

Nanyi mnakumbuka yaliyotupata katika simu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia nchini mwetu. Watu walilala wana simu, wakaamka wana vipande vya plastiki. Nyingi zilikuwa na jina kubwa mgongoni, na walizinunua kwa jasho lao. Tangu hapo wengi wetu tumejifunza kubonyeza *#06# ili kuiona namba ya simu yenyewe kabla ya kulipa. Je, mbona tulijifunza kuuliza juu ya simu, tukasahau kuuliza juu ya vitu vingine?

Basi nawapeni mambo matano. Yakateni mkayabandike ukutani.

Kwanza, usinunue kitu cha umeme bila kukiona kikiwaka. Muuzaji akikataa, mwage kwaheri kwa heshima. Mji wa Morogoro una maduka mengi, na gari la kurudi nyumbani litakuwapo hata kesho. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Pili, nenda na mtoto mwenyewe. Wazazi wengi hupenda kumshangaza mtoto kwa zawadi, na ni jambo jema, lakini katika jambo hili mtoto anajua kuliko wewe, wala si aibu. Tena mjini kuna mabanda ya gemu. Mlipie acheze nusu saa mchezo ule ule unaotaka kuununua. Akichoka nao kabla ya nusu saa, umeokoa magunia yako.

Tatu, ijue televisheni yako na umeme wako. Tazama matundu ya nyuma: je, yanalingana na nyaya za mtambo? Mitambo iliyotumika kutoka Japani mingine hutaka umeme wa volti 100 tu, na wetu ni 230. Ukiichomeka hivi hivi, utanusa moshi. Nanyi mnaotumia sola, ulizeni wati ngapi. Sola inayowasha taa tatu na televisheni ndogo huenda isiubebe mtambo mwingine.

Nne, uliza kama mchezo unadai intaneti. Mitambo mipya mara nyingi hukataa kuanza mpaka ivute vitu vingi sana kwa mtandao, na vifurushi vyake vinaweza kupita bei ya diski. Mtu wa Dar es Salaam aweza kulivumilia jambo hilo. Sisi ambao hupanda juu ya jiwe ili simu ishike, tutangoja mpaka lini?

Tano, dai risiti, nayo itaje kitu ulichonunua na maelezo yake. Maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" yasikutishe. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Aliyekuambia 9999 akakupa kumi na miwili hajatimiza. Lakini bila karatasi mkononi, ni neno lako na neno lake. Tume ya Ushindani nayo ipo kwa ajili ya mlaji, na hupokea malalamiko.

Sasa nimalizie kisa chetu.

Mtambo ule ulikaa mwezi mzima chini ya meza. Kisha baba akapata mnunuzi, mtu wa kijiji cha chini, aliyekuwa ameliona sanduku tu. Wakapatana elfu sitini. Baba akalifuta sanduku vumbi, akarudisha kila kitu ndani, hata bunduki. Kijana aliyaona hayo yote, akanyamaza, maana alikwisha ambiwa hana shukrani.

Jumapili, baada ya Misa, mjomba wake akaja kuwatembelea. Mnajua kwetu Uluguru mjomba si mgeni katika mambo ya mtoto wa dada yake. Kijana akamwamkia, "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu. Na gemu yako inaendeleaje?" Kijana akamtazama baba yake, hakujibu. Ndipo mama akaenda chumbani, akainua godoro, akamletea kaka yake daftari.

Mjomba akalisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akauliza, "Shemeji, huyo mnunuzi wako ana watoto?"

"Anao wanne."

"Basi naye ana magunia yake mawili."

Hakusema zaidi. Akanywa chai yake, wakazungumza habari za mvua.

Siku ya pili mnunuzi akaja. Baba akalitoa sanduku, akauchomeka mtambo, akauwasha mbele yake, akasema, "Ndugu yangu, namba ile ni ya uongo. Michezo ni kumi na miwili. Bunduki haipigi kitu kwa televisheni hizi. Mwanangu ameihesabu yote, na daftari hili hapa." Yule mtu akatazama, akacheka, akasema kwamba watoto wake bado wadogo, kumi na miwili inawatosha. Akatoa elfu kumi na tano, akaenda na mtambo akiwa anajua anachobeba.

Hesabuni wenyewe: baba alipoteza elfu hamsini na tano. Lakini jioni ile alimwita mwanawe, akamwambia, "Ulihesabu sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea." Kijana alinisimulia mwenyewe maneno hayo mwaka jana, tulipokutana stendi akirudi shule ya sekondari. Juu ya gemu hakunisimulia jambo jingine lo lote.

Haya, wasomaji wapenzi. Juma hili ukipita sokoni ukaona sanduku linalong'aa, kumbuka gunia. Mwambie muuzaji alifungue. Na mtoto wako akikuletea daftari, lisome kwanza kabla hujakasirika. Kwaherini mpaka juma lijalo.